Jurassic World Rebirth: Je, Mshangao wa Mwaka 1993 Unaweza Kurudishwa?

Jurassic World Rebirth, filamu ya saba katika mfululizo ulioanzishwa na Jurassic Park, ilitoka Julai 2025 ikiongozwa na Gareth Edwards, na mapema kabisa inatoa dai zito kwamba watu wamewachoka dinosaria. Katika jiji la New York mnyama mgonjwa mwenye shingo ndefu ameziba njia, na walionaswa katika foleni ya magari hawamtazami kwa huruma wala kwa hofu, bali wananung'unika kwa kuwa anawachelewesha. Onyesho la dinosaria katika makumbusho linafungwa kwa kukosa watazamaji. Dai hili halikuanzia hapa. Jurassic World ya mwaka 2015 ilisema jambo lilelile kupitia kwa meneja wa bustani, aliyeona kwamba watoto wa siku hizi wanamtazama dinosaria kama wanavyomtazama tembo wa bustani ya wanyama mjini, na kwamba kwa sababu hiyo maabara haina budi kubuni mnyama mpya aliye mkubwa zaidi, mwenye kelele zaidi na meno mengi zaidi.

Mimi sikubaliani na dai hilo. Anayetaka kujua kama mazoea huua mshangao na apande basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya. Barabara ile hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wengi wa abiria, wakiwemo wafanyabiashara na wanafunzi wanaoipita kila muhula, wamekwisha kuwaona tembo na twiga wa pale mara nyingi. Hata hivyo, mtu mmoja akisema kwamba kuna tembo upande wa kushoto, basi zima hugeuka, waliolala huamka, na watoto huinuliwa dirishani ili nao waone. Hakuna aliyelazimika kumwongezea tembo yule pembe ya tatu. Mnyama anayeishi maisha yake mwenyewe, asiyejali kama anatazamwa, hachuji kwa kuonwa mara nyingi; kinachochuja ni kitu kinachorundikwa mbele yetu kwa haraka na kwa nia ya wazi ya kutushtua. Kwa hiyo, mwendelezo wa filamu kubwa unapotuacha baridi, kosa nalitafuta kwanza kwa aliyeonyesha, kabla ya kulitafuta kwa aliyetazama.

Jurassic Park ya Steven Spielberg, iliyotokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990, ina urefu wa dakika 127, na katika muda huo wote dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Dakika zilizobaki hazikupotezwa. Tunasikiliza mabishano juu ya haki ya binadamu kuwafufua viumbe waliotoweka, tunaonyeshwa mbu aliyenaswa ndani ya kaharabu, tunamwona ng'ombe akishushwa ndani ya boma, kisha tunaona majani yakitikisika pasipo kumwona anayemla. Mnyama mkubwa wa kwanza anapofika, kamera haimwendei yeye. Inamwendea Alan Grant, mtaalamu wa visukuku anayeigizwa na Sam Neill, ambaye anainuka garini, anavua kofia na miwani, ananyoosha mkono na kukigeuza kichwa cha mwenzake Ellie Sattler, aliyekuwa ameinamia jani la mmea usiopaswa kuwapo duniani. Laura Dern, anayemwigiza Sattler, anabaki kinywa wazi. Sisi tulio vitini bado hatujaona kitu, lakini tumekwisha kuamini, kwa sababu tumewaona watu wawili waliozama katika elimu ya viumbe wa kale wakipoteza uwezo wa kusema. Ndipo kamera inapogeuka, na Brachiosaurus anapita, mzito na mtulivu, akiinuka kwa miguu ya nyuma ili afikie matawi ya juu, huku muziki wa John Williams ukipanda polepole.

Tyrannosaurus naye anasubiriwa kwa takriban saa nzima. Wageni wanapelekwa kwenye boma lake mchana na hawamwoni. Mbuzi aliyewekwa kuwa chambo anasimama bila kuguswa. Usiku mvua inanyesha, magari yamezimika, na maji yaliyomo katika bilauri yanaanza kutetemeka kwa viduara vidogo. Katika shambulio linalofuata hakuna muziki hata kidogo. Tunasikia mvua, vyuma vikipindika, watoto wakipiga mayowe, na mngurumo ambao mbunifu wa sauti Gary Rydstrom aliutengeneza kwa kuchanganya sauti za wanyama halisi, ikiwemo ya mtoto wa tembo. Nimeitazama sehemu hiyo katika jumba la sinema na katika televisheni ndogo ya nyumbani, na kote huko watu waliokuwa nami walinyamaza kabla mnyama hajatokeza kichwa.

Uvumilivu huo ulitokana na hekima ya mwongozaji, lakini pia ulitokana na ugumu wa kazi yenyewe. Mpango wa awali ulikuwa kutumia vikaragosi vidogo vinavyosogezwa hatua kwa hatua, kazi iliyokuwa mikononi mwa Phil Tippett, mpaka kikosi cha Dennis Muren katika kampuni ya Industrial Light & Magic kilipoonyesha kwamba kompyuta ingeweza kumkimbiza dinosaria kwa namna ambayo jicho lingeikubali. Tippett alisema kwamba sasa yeye ndiye aliyetoweka, na wazo hilo likaingizwa katika mazungumzo ya filamu. Lakini hakufukuzwa, bali alibaki kuwafundisha mafundi wa kompyuta jinsi mnyama anavyoubeba uzito wake anapotembea. Stan Winston na watu wake walitengeneza miili ya ukubwa halisi, na Tyrannosaurus wao, mashine ya tani kadhaa iliyovishwa ngozi ya sponji, alifyonza maji ya mvua ya bandia hata akawa anatetemeka, ikabidi akaushwe kila mara ili kazi iendelee. Picha za kompyuta zenyewe zilichukua dakika chache tu za filamu nzima. Pale ambapo kila sekunde ya mnyama ilikuwa na gharama na jasho, hakuna aliyethubutu kuiweka mahali pasipohitajika. Leo ugumu huo umepungua sana, na pamoja nao umepungua ulazima wa kuchagua.

Kuna sababu nyingine ya mshangao ule ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuijua kuliko wengine. Brachiosaurus alipewa jina mwaka 1903 kutokana na mifupa iliyopatikana Colorado, Marekani, lakini mifupa hiyo haikukamilika, na sura yake iliyozoeleka vitabuni, hasa kichwa chenye tuta juu ya pua, ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mifupa iliyochimbwa katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, mamia ya vibarua walichimba pale chini ya utawala wa Wajerumani, wakisimamiwa na watu kama Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 za mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kilichotokana na kazi hiyo kimesimama katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin, kikiwa na kimo cha mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani chenye kimo kikubwa kuliko hicho. Wataalamu wa siku hizi wanamwita mnyama huyo wa Lindi Giraffatitan, wakimtenga na yule wa Marekani. Msomaji makini atagundua pia kwamba Sattler, jina la ukoo la mtaalamu katika filamu, lilikuwa jina la mhandisi wa Kijerumani aliyetoa taarifa ya mifupa ya Tendaguru mwaka 1906.

Ninaeleza habari hizi kwa sababu ndizo zinazoonyesha Jurassic Park ilisimama juu ya nini. Mnyama aliyetustaajabisha alikuwapo kweli, alikanyaga ardhi ambayo leo inalimwa mikorosho, na mifupa yake ina uzito unaoweza kumchosha mpagazi. Filamu ilikosea mambo kadhaa ya kisayansi, lakini ilitushika kwa sababu ilituomba tuamini kitu ambacho nusu yake ilikuwa kweli tayari. Miendelezo ilipoanza kutegemea wanyama waliobuniwa maabara, ilikata mzizi huo kwa mikono yake yenyewe.

The Lost World ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Spielberg mwenyewe, bado ilikuwa na subira. Sehemu ambamo Julianne Moore amelala juu ya kioo cha gari linalong'inia jabalini, na kioo kinaanza kupasuka nyufa moja baada ya nyingine chini ya viganja vyake, inaweza kuwekwa karibu na lolote lililomo katika filamu ya kwanza, na sehemu ya nyasi ndefu zinazolala katika mistari bila kumwonyesha anayezilaza ni ya kiwango hichohicho. Jurassic Park III ya mwaka 2001 ilimleta Spinosaurus na kumfanya amuue Tyrannosaurus mapema, ili mtazamaji aelewe kwamba safari hii kuna mkubwa zaidi; tukio hilo lilidhihirisha ufukara wa mawazo kuliko nguvu ya mnyama. Jurassic World ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6, na kwa mauzo hayo hakuna aliyeona haja ya kujiuliza lolote. Dominion ya mwaka 2022 iliwarudisha Neill, Dern na Jeff Goldblum, kisha ikawapa kisa cha nzige, jambo ambalo hadi leo sijaelewa lilipitaje.

Fallen Kingdom ya mwaka 2018 ina udhaifu mwingi, ila ina dakika moja ambayo naitetea mbele ya yeyote. Kisiwa kinateketea kwa volkano, meli imeng'oa nanga, na Brachiosaurus amebaki gatini peke yake. Analia, anainuka kwa miguu ya nyuma kama alivyoinuka yule wa mwaka 1993, na moshi unamfunika. Mwongozaji J.A. Bayona alielewa kwamba mshangao ule hauwezi kurudiwa, kwa hiyo akauombolezea, na maombolezo hayo yakawa na nguvu yake yenyewe.

Wapo wanaosema kwamba hakuna mwendelezo unaoweza kufikia asili yake, na kwamba tunadai jambo lisilowezekana. Hao nawakumbusha Terminator 2 ya James Cameron, iliyotoka mwaka 1991. Filamu ya kwanza ya mwaka 1984 ilitengenezwa kwa bajeti ndogo, ikimwonyesha Arnold Schwarzenegger kama mashine inayoua bila kuchoka. Miaka saba baadaye Cameron alikuwa na fedha nyingi mno kuliko mwanzo, lakini hakumletea mtazamaji Schwarzenegger mkubwa zaidi. Alimgeuza muuaji akawa mlinzi wa mtoto, na adui akamfanya mtu mwembamba wa metali ya majimaji kama zebaki, anayeigizwa na Robert Patrick, anayepenya nondo za mlango kama maji. Hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna ile, na waliokitengeneza kwa kompyuta walikuwa kikosi kilekile cha Dennis Muren kilichokuja kuwafufua dinosaria miaka miwili baadaye. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na miendelezo mingi huishia hapo, kwenye upya wa juujuu. Terminator 2 ilibadilisha swali: ya kwanza iliuliza kama mashine inaweza kuzuiwa, ya pili ikauliza kama mashine inaweza kujifunza thamani ya uhai. Mshangao wa macho ulikuja ukiwa umebebwa na swali jipya.

Kwa vigezo hivyo, Rebirth ni filamu iliyogawanyika. Kisa chake ni rahisi. Dinosaria waliobaki wanaishi katika maeneo ya ikweta, ambako hali ya hewa inawafaa, na kampuni ya dawa inamkodi Zora Bennett, anayeigizwa na Scarlett Johansson, aongoze kikosi cha kuchukua sampuli za damu za wanyama watatu wakubwa kuliko wote, mmoja wa baharini, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa angani, ili itengenezwe dawa ya moyo. Mahershala Ali ni nahodha wa boti, na Jonathan Bailey ni Daktari Henry Loomis, mtaalamu wa visukuku ambaye hajawahi kukutana na wanyama hawa porini. Mswada umeandikwa na David Koepp, aliyeandika pamoja na Crichton mswada wa filamu ya kwanza, na mkono wake unatambulikana katika jinsi kazi ile ilivyogawanywa katika hatua tatu zinazoeleweka, jambo lililokosekana kabisa katika Dominion.

Hatua ya nchi kavu ndiyo inayostahili nauli na kiingilio. Kikosi kinatokea kwenye bonde la nyasi ndefu, na polepole tunatambua kwamba tulichodhani ni mandhari ni wanyama. Titanosaurus wawili wanakutana, shingo na mikia mirefu mno ikizungukana katika uchumba wao, na hawamjali mtu yeyote. Edwards, ambaye tangu Godzilla ya mwaka 2014 amejulikana kwa kumweka binadamu mdogo chini ya kiumbe kikubwa, anaacha kamera itulie. Loomis anakaribia, anauweka mkono wake juu ya ngozi ya mnyama, na machozi yanamtoka. Bailey anaigiza sehemu hii kwa unyofu mkubwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia malaika wakinisimama mwilini. Na jambo la kutafakari ni hili: hakuna anayekimbia, hakuna anayeliwa, na wanyama wenyewe hawana silaha yoyote ya kutisha. Filamu iliyoanza kwa kudai kwamba watu wamechoka inajikanusha yenyewe mara tu inapokubali kusimama na kutazama.

Hata hivyo lazima niseme kwamba sehemu ya nguvu ya tukio hilo imeazimwa. Alexandre Desplat, mtunzi wa muziki wa filamu hii, anautumia wimbo wa Williams wa mwaka 1993, na wimbo ule una kumbukumbu zake ambazo mtazamaji aliyezidi miaka 35 hawezi kuzizuia. Ningependa kuliona tukio hilo likiwa na muziki wake lenyewe, ili nijue kwa hakika kwamba nilichokihisi kilitokana na wale Titanosaurus.

Sehemu ya mtoni haikuhitaji kuazima chochote. Familia iliyookolewa baharini imeachana na kikosi, inakuta boti ya mpira kando ya mto, na Tyrannosaurus amelala hatua chache tu kutoka hapo. Tukio hili lilikuwamo katika riwaya ya Crichton na likaachwa filamu ya kwanza ilipotengenezwa. Edwards analijenga kwa mpangilio ulionyooka: boti inajazwa upepo kwa kishindo, msichana anaikokota majini, tunamtazama mnyama aliyelala, boti inamficha kwa muda mfupi, na inapoondoka mbele ya macho yetu pale alipolala hapana kitu. Ni sinema safi, na inathibitisha kwamba ghala la hofu za mwaka 1993 bado lina akiba kwa anayejua kuitoa.

Baada ya hapo filamu inarudi katika ugonjwa wa ndugu zake. Mnyama wa mwisho, aliyepewa jina la Distortus rex, ni kiumbe cha maabara chenye viungo sita na kichwa kilichovimba, na kila anapoonekana nilijikuta nikikagua umbo lake badala ya kumwogopa. Hana mifupa katika ardhi yoyote. Hatujui anakula nini, anaishi vipi, wala kwa nini tuseme ni dinosaria na si zimwi. Familia ile nayo, ingawa Manuel Garcia-Rulfo anamwigiza baba kwa utu, inaonekana kuwekwa ili pawe na watoto wa kuhatarishwa, na kila kisa kinapoihamia, safari ya damu tatu inasimama. Bidhaa za madukani zinapitishwa mbele ya kamera kwa wingi unaokera. Hata balaa la mwanzo wa filamu linasababishwa na karatasi ya peremende yenye jina la biashara.

Filamu ilikusanya zaidi ya dola milioni 800 duniani, kwa hiyo ya nane haiko mbali. Watakaoitengeneza wasihangaike na maabara. Waende Tendaguru, ambako kilima kile kilitoa pia Kentrosaurus, mnyama mwenye miiba mgongoni na mkiani ambaye filamu hizi hazijampa nafasi anayostahili, wampe mwongozaji mwenye subira, wamwonyeshe akila majani kwa dakika tatu mbele ya mtu anayejua thamani ya kumwona.

Kwa anayeamua atazame nini wiki hii, ushauri wangu ni kwamba Rebirth itazamwe kwenye skrini kubwa kadiri inavyowezekana na kwa sauti nzuri, kwa kuwa lile bonde la nyasi litapotea kabisa kwenye simu. Watoto walio chini ya miaka kumi hivi watasumbuliwa na mwanzo wake na dakika za mwisho, na mzazi afadhali akae nao. Asiyewahi kuona hata moja aanze na ya mwaka 1993, aende The Lost World, kisha aruke moja kwa moja hadi Rebirth. Kati ya hizo nyingine atafute tu ile sehemu ya gatini ya Fallen Kingdom, na zilizobaki anaweza kuziacha bila hasara.